Nyota za Buluu Zilizo Mbali na Bapa la Galaksi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri aya moja ya elimu ya nyota. Wengi waliandika kwamba nyota za buluu ni baridi. Sikuwalaumu sana, kwani bomba la maji baridi hutiwa alama ya buluu na la maji moto nyekundu. Lakini ndugu msomaji, mtazame mhunzi: chuma kikipata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kisha huelekea weupe. Nyota huendelea pale chuma kinapoyeyuka. Uso wa Jua una nyuzi za Selsiasi 5,500 hivi. Nyota ya buluu yaweza kupita 20,000.

Sasa fumbo lenyewe. Galaksi yetu ni bapa kama chapati iliyovimba katikati, na gesi inayozaa nyota imo ndani ya chapati hiyo. Nyota kubwa ya buluu humaliza kuni zake upesi, hivyo hufa karibu na ilikozaliwa. Hata hivyo, mwaka 1947 Humason na Zwicky walichapisha orodha ya nyota hafifu za buluu, nyingine zikiwa upande wa ncha ya galaksi, mbali na bapa.

Nyingi za aina hiyo ni nyota zilizozeeka, zikapoteza tabaka za nje na kubakia kiini cha moto chenye karibu nusu ya uzito wa Jua. Mtafiti huzitambua kwa kuutawanya mwanga wake: mistari ya hidrojeni ikiwa mipana, nyota ni ndogo iliyoshikamana. Chache lakini ni changa kweli, zimetupwa huko. Mwaka 1961 Blaauw alieleza njia mojawapo: nyota pacha hulipuka, na mwenziwe akafyatuka.

HE 0437-5439, iliyotangazwa mwaka 2005, ina uzito wa Majua kama 9 na inakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 700 kwa sekunde. Kutoka kitovu cha galaksi yetu ingehitaji miaka milioni 100 hivi, muda unaozidi sana umri wake. Mwaka 2019 vipimo vya chombo Gaia vilionyesha imetoka galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan.

Darasani nilipendekeza istilahi “nyota mtoro”. Mwanafunzi mmoja akapinga: mtoro hukimbia kwa hiari yake, hii imetupwa. Nikampa alama zote.