Gari Halikataliwi kwa Ubovu Pekee

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangaliliona soko la magari humu nchini, nadhani methali hiyo wangaliitia kiraka. Wapo Wakenya ambao, hata wapunguziwe bei namna gani, hawatanunua gari la Kifaransa. Waulize sababu, nao watakujibu kwa mkato: "Hilo litakufilisi!" Aghalabu anayetoa hukumu hiyo hajapata kulimiliki hata siku moja.

Ajabu ni kwamba gari hilo hilo liliwahi kutamba katika barabara zetu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1963, 1966, 1967 na 1968. Mrithi wake, Peugeot 504, akatwaa ushindi 1975 na 1978. Matope na vumbi vilivyowatoa wengine jasho havikufua dafu mbele yake. Ile 504 yenye safu tatu za viti ilibeba abiria wa masafa marefu hata jina Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Je, sifa hizo zilikwenda wapi?

Kilichobadilika zaidi ni soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya uagizaji yalilegezwa, na magari ya mitumba kutoka Japani yakafurika bandarini Mombasa. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo usukani wa magari yao uko kulia. Isitoshe, ukaguzi wa lazima nchini mwao huwagharimu fedha nyingi wenye magari ya zamani, nao huyauza yangali imara. Wafaransa huendesha upande wa kulia. Usukani wao uko kushoto, na gari la namna hiyo kwa kawaida halisajiliwi hapa. Basi mfereji mmoja ukafunguliwa, mwingine ukabaki umezibwa.

Matokeo yake ni dhahiri. Gari likiwa jingi, vipuri vyake huwa tele katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Fundi wa jua kali hulizoea kwa kulifungua na kulifunga kila siku. Mwenye kutaka kuliuza hapati taabu ya mnunuzi. Gari adimu hukosa yote matatu. Kipuri husubiriwa kutoka ng'ambo, fundi hubahatisha, na akikosea, lawama hutupiwa gari. Ndiposa nasema kuwa gari halikataliwi kwa ubovu pekee. Hukataliwa pia kwa upweke wake.

Mwalimu aliyekopa katika chama cha ushirika hastahili kulaumiwa kwa kuuogopa upweke huo. Mkopo hukatwa kila mwisho wa mwezi, gari liwe linatembea au limepandishwa juu ya mawe. Hofu yake ni hesabu wala si ujinga. Ninachopinga mimi ni kuigeuza hesabu hiyo kuwa imani isiyohojiwa.

Jina baya hufa polepole. Katika miaka ya 1980 Skoda ilikuwa kichekesho huko Uingereza. Volkswagen ilijiunga nayo 1991 na ubora ukapanda, lakini kejeli hazikukoma mara moja. Jina zuri nalo hufunika aibu. Toyota iliyarejesha mamilioni ya magari karakanani mnamo 2009 na 2010 kwa hitilafu zilizohusu kanyagio la mafuta, na bado hapa kwetu ikabaki kipenzi cha wengi. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Ama kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa hivyo, mwanafunzi akimsikia mtu akisema gari fulani ni bovu, na aulize: Ni la mwaka gani? Lilitunzwaje? Nani alilitengeneza? Maswali hayo yanahitajika zaidi leo, maana magari ya umeme yameanza kuonekana barabarani mwetu, na tayari wapo wanaoyasifu na wanaoyakashifu bila kuyapanda. Tusiwafuate hao wala hao. Tuulize kwanza vipuri vitatoka wapi na mafundi watafunzwa na nani, kisha ndipo tununue au tukatae.