Munkoyo wa nyumbani: angalia chombo kwanza

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama wa nyumbani, munkoyo ni kinywaji chetu. Kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, na ng'ambo ya mpaka kule Zambia, watu wanaunywa kwenye arusi, kwenye matanga na siku za mapumziko. Hatukuandika habari hii ili kukukataza. Tunataka uone namna unavyotengenezwa na pahali hatari inapojificha. Hatari nyingi hazitoki katika mahindi. Zinatoka kazini na kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Tuanze na kazi ya mama. Anachemsha maji katika sufuria kubwa, anatia unga wa mahindi usio laini sana, anakoroga, anauacha uji utokote kwa muda mrefu mpaka uive kabisa. Kiisha anaungoja upoe uwe vuguvugu. Hapo ndipo anatia mizizi ya munkoyo, iliyopondwa mpaka ikawa kama nyuzi za kamba. Baada ya saa chache uji ule mzito unakuwa mwepesi, tena mtamu, bila kutiwa hata kijiko cha sukari. Sababu gani? Ndani ya mizizi mna kitu ambacho wataalamu wanakiita amilasi, nacho kinakata wanga wa mahindi kuwa sukari. Katika kiwanda cha bia kazi hiyo hiyo inafanywa na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Lakini amilasi haivumilii moto mkali. Ukitia mizizi katika uji unaotokota, nguvu yake inakufa, na utabaki na uji.

Kiisha chachu na vijidudu vingine vinaanza kula ile sukari. Siku ya kwanza munkoyo ni mtamu na watoto wanapewa. Ukikaa siku mbili tatu unakuwa mkali, na kileo kinaongezeka.

Hapa, ndugu, usikilize vizuri. Wengi wanasema munkoyo si pombe. Munkoyo wa leo, ndiyo. Munkoyo wa juzi uliobaki katika bido ni jambo lingine, na kipimo cha pumzi hakiulizi jina la kinywaji. Ini linasafisha kileo polepole: chupa kubwa moja ya bia inaweza kulichukua saa tatu mpaka nne. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi. Mtu aliyekunywa mpaka usiku wa manane, kisha akapanda lori kubwa la kariyere alfajiri, anaendesha tani nyingi za mawe na kileo kingali katika damu yake. Basi mama, andika siku juu ya bido kwa makala. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa tuje kwenye chombo. Munkoyo una asidi, na asidi inakula chuma. Ukiuacha ulale katika ndoo ya bati iliyopakwa zinki, zinki inaingia katika kinywaji, na wanaokunywa wanaweza kutapika na kuumwa tumbo. Sufuria ya aluminiamu inafaa kwa kupikia uji, lakini usichachushie ndani yake. Mtungi wa udongo, kibuyu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula ni salama zaidi.

Lakini adui mkubwa ni pipa la kiwanda. Wewe unayefanya kazi huku unajua: kiwanda cha Luilu kilipoanza mwaka 1960 kilikuwa cha kutoa shaba na kobalti kwa asidi ya sulfuriki, na katika konsantrata tunatumia zantati ili madini yaelee. Dawa hizo zinafika katika mapipa na mabido yanayopendeza macho, yenye mfuniko mzuri. Mtu anaona pipa tupu, anasema: hili litamfaa mke wangu. Atalisugua kwa sabuni na mchanga, ataliosha mara kumi. Haisaidii! Plastiki inanywa dawa kama sifongo, kisha inaitoa polepole katika kinywaji chenye uchachu. La chuma nalo lina hatari yake: ukilikata kwa moto, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka usoni pako. Ni vivyo hivyo kwa mifuko mikubwa iliyobeba kobalti au chokaa. Usianike mahindi juu yake.

Mahindi yenyewe yachague. Yenye ukungu, ya kijani au meusi, usiseme yatafaa kwa pombe tu. Sumu ya ukungu, aflatoksini, haiishi kwa kuchemshwa, nayo inashambulia ini. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo.

Juu ya lutuku tutasema machache. Bomba la radieta ya gari lina risasi katika maungio yake, na risasi inashuka pamoja na tone. Na muuzaji akiongeza alkoholi ya viwandani ili iwe kali, mnywaji anaweza kupofuka au kufa. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe yenye methanoli.

Mbabula uwekwe nje, hata mvua ikinyesha tafuta baraza. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Uji wa moto nao unashika ngozi kuliko maji. Mtoto akiungua, mwagia pahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno, kisha umpeleke dispensari.

Na ule mfuniko wa bido usiukaze usiku. Munkoyo unaochacha unatoa hewa. Bido linavimba, na asubuhi anayelifungua anarushiwa mfuniko machoni.