Simu ni ya mshauri, lakini kazi iliyo ndani ni ya raia

Mwezi wa sita mwaka 2009, mkaaji mmoja wa mji wa San José, katika jimbo la California nchini Marekani, aliandikia viongozi wa mji wake. Alitaka kuona maandishi yote kuhusu mradi wa kujenga upya sehemu ya katikati ya mji. Ndani ya ombi hilo aliongeza jambo lililowashtua viongozi: aliomba pia barua pepe, ujumbe mfupi na ujumbe wa sauti kuhusu mradi huo, uliopitia kwenye simu za binafsi za meya, washauri wawili wa mji na wasaidizi wao.

Mji ulimpa yaliyopita kwenye simu na anwani za serikali. Yaliyokuwa kwenye simu za binafsi ukayakataa, ukisema hayo si mali ya mji. Kesi ikaanza, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine.

Tarehe 2 Machi 2017, Mahakama ya Juu ya California ilikata neno, majaji wote wakiwa na sauti moja. Walisema kinachoangaliwa si nani alinunua simu, bali ni kazi gani iliyofanywa ndani yake. Ikiwa mchaguliwa ameitumia kuzungumza mambo ya umma, maandishi hayo ni ya umma. Vinginevyo, walieleza majaji, kiongozi angeweza kuficha jambo lolote kwa kuacha tu anwani ya serikali na kutumia yake binafsi.

Hata hivyo mahakama haikuruhusu kila mtu apekue simu za viongozi. Mtu akimwandikia mkewe akilalamika kuhusu mwenzake wa kazini, hilo ni la nyumbani. Akimwandikia mkubwa wake kueleza namna mwenzake anavyoharibu kazi ya umma, hilo linaweza kuombwa. Tena si lazima serikali ichukue simu: mwenyewe anaweza kutafuta ujumbe unaohusu kazi, autoe, na kuapa kwa maandishi kwamba uliobaki ni wa binafsi.

Simu ndiyo biro

Swali hilo halibaki California. Tarehe 20 Desemba 2023, Wakongomani walichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Kulingana na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yanayojitawala, washauri hao ndio wanaojadili mambo ya komini, na ndio wanaopaswa kumchagua mkuu wake.

Lakini mshauri asiye na biro anatumikia wapi? Kwenye simu. Mkaaji anampigia kuhusu mfereji ulioziba, mama wa soko anamlalamikia juu ya taksi, familia mbili zinamtumia picha za hati za kiwanja kimoja. Wenzake wanakubaliana naye ndani ya kundi la WhatsApp kabla hata kikao hakijafunguliwa. Simu ni yake, namba ni yake, unite na mega ananunua mwenyewe. Na hayo yanafanyika wakati washauri wa miji kadhaa wamelalamika hadharani kwamba wanatumika bila kulipwa.

Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza, mshauri ambaye hana feza za unite anaweza kuwekewa na mtu mwingine: mfanyabiashara anayetaka kiwanja, au mkubwa wa chama. Ya pili, siku ugomvi unapofika mbele ya mahakama, ushahidi wa nani alikubali nini umepotea pamoja na simu iliyoibiwa, au umefutwa kwa kidole kimoja.

Gharama ya kufuta

Mji wa Seattle, huko huko Marekani, unaijua hatari hiyo ya pili. Ujumbe wa simu wa meya Jenny Durkan wa karibu miezi kumi, kuanzia mwisho wa Agosti 2019 hadi mwisho wa Juni 2020, ulipotea. Ndani ya kipindi hicho kulikuwa na maandamano makubwa ya mwezi wa sita 2020, ambapo polisi waliondoka kwenye kituo chao kimoja na waandamanaji wakashika eneo hilo. Wenye maduka waliposhitaki mji, hakimu aliuadhibu mji kwa kupoteza ujumbe huo. Mwaka 2023 mji ulikubali kuwalipa dola milioni 3.65. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakishughulikia maombi ya hati, na waliosema walinyanyaswa kwa sababu ya jambo hilo, walilipwa dola milioni 2.3. Feza zote hizo zilikuwa za walipa kodi.

Kuhusu hatari ya kwanza, Afrika Kusini imechagua kuweka mambo wazi. Waziri mwenye kuhusika na serikali za mitaa hutangaza katika gazeti la serikali kiwango cha juu ambacho mshauri anaweza kupewa kwa ajili ya simu. Katika miaka ya karibuni kikomo hicho kimekuwa randi 3,400 kwa mwezi, pamoja na randi 300 za intaneti. Mtu anaweza kusema ni nyingi au ni kidogo. La muhimu ni kwamba raia anajua ni ngapi na zinatoka wapi.

Karatasi moja inatosha

Kwa Kongo, si lazima kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa. Kila baraza la komini linaweza kuandika jambo hili ndani ya kanuni zake za ndani: nani analipa unite, na kwa kikomo gani, namba ipi ni ya kazi, nayo ibaki kwa komini wakati muhula unapomalizika, ujumbe wa kazi unatunzwa kwa muda gani, na nini kinafanyika simu ikiibiwa. Na kwa kuwa Katiba, katika kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari, kanuni hizo zingesema pia namna mkaaji anavyoweza kuomba ujumbe unaohusu soko lake au barabara yake.

Kanuni kama hizo zinamlinda mshauri pia. Aliye na namba ya kazi anaweza kuizima usiku na kubaki na familia yake. Aliyetunza ujumbe anaweza kuonyesha kwamba hakuahidi kiwanja kwa mtu yeyote. Na aliyepewa unite na komini hana deni kwa mfanyabiashara, siku ya kunyoosha mkono kupiga kura ndani ya baraza.