Gemu Iliyonakiliwa Inamuumiza Nani?

Kwenye vibanda vya gemu vya Gatwekera kule Kibera, au karibu na steji ya 46 Kawangware, vijana hucheza soka ya PlayStation kwa kulipia mechi. Gemu nyingi humo ni za kunakiliwa. Je, waliozitengeneza wamepoteza mauzo?

Tuanze na mashine yenyewe. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, hukagua alama inayowekwa kiwandani kwenye diski halisi, ambayo kifaa cha kawaida cha kuchoma DVD hakiwezi kuiandika. Fundi akiichipu, anachomelea ndani yake sakiti ndogo inayoihadaa kwamba alama ipo. PlayStation 3 nyingi hufunguliwa kwa programu, kisha gemu zikajazwa kwenye diski kuu ya mashine. Tangu hapo, kuongeza gemu nyingine hakugharimu karibu chochote.

Lakini nakala humpotezea mtengenezaji mauzo pale tu ambapo mchezaji angenunua. Gemu nyingi kubwa mpya huuzwa karibu dola 70, takriban shilingi 9,000. Anayeishi kwa kibarua hana pesa hizo. Hata aliye nazo hukuta mlango wa duka la mtandaoni umefungwa, kwani Sony haijafungua rasmi huduma ya mtandaoni ya PlayStation nchini Kenya. Mwezi Mei 2024, kampuni hiyo ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliacha kuuzwa katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo.

Utafiti wa kwingineko unatusaidia kwa kiasi. Tume ya Ulaya iliagiza utafiti uliokamilika mwaka 2015, ila ukajulikana mwaka 2017, baada ya mbunge wa Ulaya Julia Reda kuudai. Ulionyesha kwamba uharamia hupunguza mauzo ya filamu mpya zinazovuma. Kwa gemu, nakala zilielekea hata kuongeza ununuzi, ingawa makadirio hayo yalikuwa na shaka kubwa. Mwaka 2024, William Volckmann alichapisha uchunguzi wa gemu 86 za kompyuta zenye Denuvo, kinga dhidi ya kunakiliwa. Kinga ikivunjwa wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa takriban asilimia 20. Ikivunjwa baada ya wiki 12, hasara ni karibu sifuri.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Wenye pesa na hamu hununua mapema, na hao ndio nakala ya mapema huwanyakua. Wanaobaki ni wale ambao hawangenunua, au wanaoonja kwanza. Mzungu aliyeonja ana kadi ya benki na duka linalompokea. Kijana wa Kibera akishaonja, hana duka rasmi la mtandaoni la kulipia.

Kwa hiyo hasara ya kampuni kubwa za nje kutoka vibanda hivi ni ndogo. Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mtengenezaji wa hapa nyumbani. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Nairobi X, kazi ya watengenezaji wengine, ikatoka mwaka 2015. Soko la kwanza la gemu kama hizo ni vijana hawa hawa. Hata ikiuzwa shilingi 200, gemu ya Kenya inashindana na soka ya ng'ambo iliyogharimu mamilioni ya dola na ambayo kibanda huipata bure.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawalinda watengenezaji, lakini kufunga vibanda hakutawaletea mnunuzi hata mmoja. Tazama hesabu hii: mechi moja ikiwa shilingi 10, mechi 900 zinatosha kununua gemu ya shilingi 9,000. Pesa zipo, ila zinakuja kumi kumi, na mtengenezaji hapati hata senti. Apewe njia ya kukodisha gemu yake kwa kibanda na kupokea fungu lake la kila mechi kwa M-Pesa. Wenye vibanda watakuwa wauzaji wake, na kijana anayelipa shilingi kumi atahesabika kuwa mteja.