Mbolea Isiyofika Mzizini

Mkulima mdogo wa mahindi wa Trans Nzoia au Uasin Gishu nchini Kenya, akiisha kununua mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 kwa fedha alizozidunduliza mwaka mzima, na kuutia mashimoni kwa kadiri ile ile aliyoitumia babaye, huwa na yakini kwamba ameitimiza haki ya shamba. Walakini baada ya majuma machache huona miche imedumaa na majani yamegeuka zambarau, alama ya mahindi yaliyokosa fosforasi, ilhali fosforasi ndiyo hasa aliyoinunua.

Katika mfuko ule zimo kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Lakini udongo wenye uchachu mkali, yaani ule ambao kipimo chake cha pH kimeshuka chini ya 5.5, una alumini na chuma vilivyo tayari kuikamata fosfati na kuifunga isifyonzwe, na alumini hiyo hiyo huidumaza mizizi. Tena naitrojeni ya DAP ni ya amonia, nayo inapogeuzwa na vijidudu vya ardhini huzidisha uchachu, hata mkulima aitiaye kila mwaka pasipo kupima akawa analikaza fundo alitakalo kulifungua. Dawa ya udongo huo ni chokaa ya kilimo, itiwayo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Ila kiasi chake jicho halikijui, na jirani wa ng'ambo ya kijito huenda asiihitaji asilani.

Kiasi hicho hujulikana kwa kupima udongo maabara; lakini nimeona sampuli nyingi zikiharibika kabla ya kufika huko, kwa kuwa mtu huchota kiganja kimoja kandokando ya njia, au penye kichuguu, au palipokuwa zizi la ng'ombe, akadhani ameleta shamba zima. Sharti apite shambani kwa kupindapinda, achimbe mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, akate kila shimo ubale mmoja tangu juu hata chini, auchanganye udongo wote katika ndoo safi ya plastiki (ndoo ya bati huipotosha hesabu ya zinki), auanike kivulini, kisha atwae kama nusu kilo tu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nao wapimaji wana wajibu wao. Karatasi ya majibu iliyojaa tarakimu tupu haimfai mkulima; yapasa imwambie mifuko mingapi kwa eka, ya mbolea gani, na chokaa itiwe lini.

Kwa hiyo nawasihi wenye vyama vya ushirika: mahindi yakiisha kuvunwa, msingoje mvua za Machi. Kusanyeni udongo wa wanachama wenu Desemba, muupeleke pamoja maabara, ili majibu yawafikie kabla hamjanunua mfuko hata mmoja.