Nyasi za Agosti, Picha za Aprili

Kuanzia Julai hadi Oktoba, maharusi wa Dodoma, Singida na Shinyanga hupigwa picha juu ya nyasi zilizokwisha kauka. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, huanza Desemba na kukoma Aprili, kwa hiyo ikifika Agosti bustani isiyomwagiliwa maji imeshapata rangi ya mkeka mkuukuu. Lakini fungua albamu za harusi hizo. Nyasi ni kijani kibichi, zinang'aa, utadhani ndoa ilifungwa Bukoba wiki ya Pasaka. Kazi hiyo imefanyika usiku kwenye kompyuta, na mara nyingi imefanyika vibaya.

Kupamba mandhari ya picha hakukuanza jana. Pale Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akikata picha na kuziunganisha hadi anapata mandhari ambayo hayakuwahi kuwapo duniani. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Hakuna aliyedanganyika. Mteja alijua ile meli haiendi popote, na raha yenyewe ilikuwa hapo. Nyasi za kompyuta zina shida yake: zinajifanya za kweli. Na jicho la binadamu, mchana kweupe, linaiona rangi ya kijani kwa ukali kuliko rangi nyingine yoyote. Bryce Bayer wa Kodak alilijua hilo. Mpangilio wa vichujio vya rangi alioupatia hataza mwaka 1976, ambao kamera nyingi za dijitali zinautumia hadi leo, umetenga nusu ya nukta zote kwa kijani, robo kwa nyekundu na robo kwa buluu. Kijani kikidanganya kidogo tu, mtazamaji anashtuka hata kama hawezi kusema kilichomshtua.

Sasa, nyasi hufifia kwa nini? Sababu ya kwanza kila mkulima anaijua. Jani bichi lina klorofili, inayofyonza mwanga mwekundu na wa buluu na kurudisha wa kijani. Maji yakikosekana klorofili inavunjika, na njano iliyokuwa imefichwa chini yake inajitokeza. Lakini hata ukoka uliomwagiliwa vizuri kwenye bustani ya hoteli unaweza kutoka umepauka pichani, na hapo lawama haziendi kwa jua la kiangazi peke yake.

Saa saba mchana, kila jani la nyasi linaakisi mwanga mweupe kutoka juu, na weupe huo unaifunika rangi yake. Halafu kuna suala la uso. Mpiga picha wa kwetu anapimia mwanga kwenye ngozi nyeusi, na anafanya sawa, kwa sababu anayelipwa kumpiga picha ni bibi harusi. Ila akifungua kamera mpaka uso utoke vizuri chini ya kivuli cha shela, nyasi zilizo juani nyuma yake zinapata mwanga kupita kiasi na kugeuka njano ya maji. Nyasi za namna hiyo hazikukosa rangi, zimezidiwa na mwanga. Dawa yake ni kuzipunguzia mwangaza. Kuziongezea rangi ni kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Tukija kwenye kompyuta, kosa ninaloliona zaidi ni la kukimbilia kitelezi cha kijani. Mhariri anafungua programu ya Lightroom, anakikuta kile kiduara cha kijani na kukiburuta hadi mwisho, lakini nyasi hazitikisiki. Sababu ni kwamba katika picha, nyasi za kawaida huwa na njano nyingi kuliko kijani, hata zile ambazo mimi na wewe tunaziita za kijani. Anayetaka kuzihuisha anashika njano: anaisogeza aina yake ya rangi upande wa kulia, kuelekea kijani, kisha anaupunguza mwangaza wake. Ukolezo anaugusa mwisho, kama ataugusa kabisa. Kijani chenyewe akikisukuma sana kulia kinaingia kwenye buluu, ndipo tunapopata zile nyasi za plastiki za uwanja wa mpira.

Na njano ina wenyewe. Itazame picha ya namna hiyo kwa karibu, mkono wa bwana harusi ukiwa kiunoni mwa bibi. Pete ya dhahabu imeota kijani, mithili ya shaba iliyokaa baharini. Mkufu ni vivyo hivyo. Ngozi zetu zina machungwa na njano ndani yake, kwa hiyo shavu lililokuwa na joto linapoa na kufanana na la mtu aliyetoka kulazwa. Kama kuna mjomba amekuja na skafu ya Yanga shingoni, ile njano yote imehamia kijani, amebaki na skafu ya rangi moja. Shabiki wa Simba, kwa mara moja, anasalimika.

Tiba ya hili ni kuwatenga watu na nyasi kabla ya kugusa chochote. Zamani, kwenye Photoshop, hii ilikuwa kazi ya kupaka maski (alama ya eneo la kuhaririwa) kwa mkono, ukizunguka kila unywele. Tangu Oktoba 2021, Lightroom inaweza kumtambua mtu yenyewe kwa kubofya mara moja. Unaigeuza maski, unabaki na bustani peke yake. Haikamiliki kila mara. Pindo la gauni jeupe linaloburuta chini, shela inayopitisha mwanga, na nafasi iliyo kati ya mkono na kiuno ni mahali pa kukagua kwa macho yako, picha ikiwa imekuzwa. Mteja wako ataikuza hivyohivyo kwenye simu yake, na ataanzia kwenye gauni alilolilipia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huliacha. Nyasi zilizo juani hurusha rangi yake juu, chini ya kidevu na kwenye pindo la gauni, na ngozi nyeusi inayong'aa huonyesha wazi rangi ya kilicho jirani yake. Ukipaka nyasi kijani kikali huku kidevu na pindo vikiwa na wekundu wa vumbi la Dodoma, picha inajishitaki yenyewe. Anayeongeza kijani kidogo hahitaji kusumbuka na hili. Anayeongeza kingi inabidi aipake dunia nzima.

Na nyasi zilizokufa kabisa? Hapo ushauri wangu ni mfupi: ziache. Jani lililokauka likawa la kikahawia limebakiwa na rangi kidogo mno, hakuna cha kusogeza, na katikati ya majani udongo umeshaonekana. Ukilazimisha kwenye faili ya JPEG, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, mabaka yatajitokeza. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, itavumilia zaidi, lakini uvumilivu huo hauoteshi majani. Isitoshe, nyasi kavu saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa nyuma ya maharusi, ni dhahabu tupu. Watalii hulipa dola kupigwa picha Serengeti katika rangi hiyohiyo ambayo sisi tunaifuta tukifika nyumbani. Sijui nani alituambia kwamba harusi nzuri lazima ifungwe kwenye bustani ya Uingereza.

Mengi ya haya, kwa kweli, yanamalizika kabla kamera haijafungwa. Mpira wa maji ukipitishwa kwenye bustani muda mfupi kabla, vumbi linaondoka na majani yanakolea, kwa sababu jani lililolowa hutawanya mwanga mweupe kidogo kuliko lililo kavu. Kichujio cha kupolaraizi mbele ya lenzi huondoa ule mng'ao wa mchana. Kinakula mwanga wa kituo (stop) kimoja hadi viwili, na hakuna kitelezi cha kompyuta kinachofanya kazi yake sawasawa. Na mpiga picha apige goti. Ukiwa umesimama unatazama chini na kuona udongo ulio kati ya majani. Ukishuka, majani yanapangana, udongo unafichika, na bustani ileile iliyokuwa na vipara inaonekana imejaa. Goti halina gharama, ila suruali.

Kwa maharusi mnaojiandaa: mnapokwenda kukagua ukumbi, kagueni na bustani, saa ileile mtakayopigwa picha. Mkikuta imekauka, msimwambie mpiga picha "utaweka kijani". Mwombeni awatafutie kivuli cha mwembe, au ratiba isogezwe hadi jioni. Na kabla hajahariri picha zote, mwambieni awaonyeshe moja iliyokamilika, muitazame pete kwanza, nyasi baadaye. Albamu ikishachapwa, hakuna wa kuirudisha rangi.