Wimbo Mkali na Hasira ya Mwanadamu

Katika miaka ya 1960 Tanzania iliwapokea huko Kongwa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Kambi zao zilikuwa katika nchi kavu ya Ugogo, pale ulipokufa mradi wa karanga wa Waingereza mwaka 1951. Kwa baadhi yao kungoja kurudi vitani kulichukua miaka. Walikuwa na hasira ya haki, na adui aliyeichochea alikuwa mbali. Nyimbo za ukombozi, nyingi zikiwa za ghadhabu, zilikuwa sehemu ya maisha ya wapiganaji hao. Je, wimbo wa namna hiyo huichochea hasira au huituliza?

Mtu akikasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Hali hiyo, ikiachwa, hupungua yenyewe. Kinachoirudisha ni fikra: mtu hukicheua kisa kilichomuudhi kama ng'ombe acheuavyo majani, na kila akicheuapo hukasirika upya. Ndiyo maana ushauri wa kale wa kuitoa hasira kwa kupiga kitu haufai. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alionyesha kwamba wanafunzi waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya.

Muziki ni jambo jingine. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachunguza wapenzi 39 wa muziki wa magitaa yanayonguruma na sauti za ukali. Kila mmoja alihojiwa juu ya mambo yanayomkera hadi akakasirika. Kisha wengine walisikiliza muziki wao kwa dakika 10, na wengine wakakaa kimya. Hasira ilipungua pande zote mbili. Lakini mioyo ya wasikilizaji haikupunguza mwendo, nao walisema wamepata ari zaidi. Yaelekea muziki hauuzimi moto wa mwili, bali huupatia kazi: anayefuata mdundo, awe Queensland au Kongwa, hana nafasi kubwa ya kucheua.

Maneno ya wimbo nayo yana uzito wake. Mwaka 2003 Craig Anderson na wenzake waliona kwamba nyimbo zenye maneno ya kushambulia watu ziliongeza fikra za uhasama kwa wanafunzi ambao hawakuwa wameudhiwa na mtu. Tena wale 39 walijichagulia muziki wanaoupenda. Asiyeupenda, akilazimishwa kuusikiliza, huenda akatoka na hasira ya pili.